Ordinatere ya Mutoto Anayeingia Sekondari: Angalia Batri Mbele ya Kuangalia Uzuri



Mwezi wa 9 masomo yanafunguliwa. Katika nyumba nyingi za kambi, kuko mutoto mwenye kumaliza mwaka wa 6 wa primeri na sasa anaingia mwaka wa 7, ni kusema mulango wa sekondari. Ni furaha kubwa. Lakini furaha hiyo inakuja na ombi: mutoto anataka ordinatere ndogo ya kubeba, ile wengi wanaita laptopu. Anasema wenzake wengine wako nayo. Mama anaangalia baba, baba anaangalia karatasi ya mushahara.

Sababu gani ukurasa wa usalama na afya unazungumuza juu ya jambo hilo? Sababu laptopu haiingie nyumbani peke yake. Inaingia pamoja na umeme, na batri yenye nguvu, na ekrani yenye kuchokesha macho, na muzigo mupya juu ya mugongo wa mutoto. Tena inatoka na feza ambazo zingelipa unga, dawa ao minervali. Mutu akichagua vizuri, mutoto anapata chombo cha kazi kwa miaka mingi. Akichagua vibaya, anapata matata, na mara moja moja moto ndani ya nyumba.

Sisi watu wa mugodi tunajua namna ya kuchagua chombo. Hakuna mutu mwenye kuchagua viatu vya usalama kwa sababu vinapendeza kwenye dansi. Tunauliza: ncha iko na chuma? Soli inashika chini? Vinanienea? Laptopu ya mutoto inapashwa kuchaguliwa namna hiyo hiyo: kwa kazi na kwa usalama, si kwa kung'aa.

1. ANZA KWA KUULIZA MASOMO

Mbele ya kwenda sokoni, nenda kwenye masomo. Uliza prefe ao mwalimu maneno matatu: Je, mutoto wa mwaka wa 7 anapashwa kuwa na ordinatere? Kazi gani atafanya nayo? Anaweza kuiacha nyumbani, ao anapashwa kuibeba kila siku?

Katika mwaka wa 7 na wa 8 watoto wengi bado wanafanya kazi katika kaye na vitabu. Kiisha wanaingia miaka 4 ya imanite, na hapo mambo yanabadilika. Mutoto anayechukua komersiale na informatike, ao teknike, atakuwa na lazima ya ordinatere kuliko ndugu yake wa mwaka wa 7. Kama masomo yanasema ordinatere si ya lazima leo, usione haya kungojea. Meza imara, kiti kizuri, lampi ya kusomea, na kupima macho kwa muganga vinaweza kumusaidia mutoto wa mwaka wa 7 kuliko mashini ya bei kubwa.

Kama muko na watoto wawili ao watatu kwenye sekondari, laptopu moja ya nyumba, yenye kuwekwa mahali pamoja na yenye saa ya kila mumoja, inaweza kutosha. Andika saa hizo kwenye karatasi na uibandike ukutani, kama vile kapita anavyoandika zamu. Ugomvi utapungua.

2. BATRI: KOBALTI YETU INARUDI NYUMBANI

Hapa ndipo tunaomba usome polepole.

Batri ya laptopu inaitwa batri ya lithiamu. Karibu na mwaka 1980, John Goodenough na wenzake, kule Oxford katika Uingereza, walionyesha kwamba lithiamu ikiunganishwa na oksidi ya kobalti inaweza kutoa umeme mwingi katika kitu kidogo na chepesi. Mwaka 1991 kampani Sony ya Japani ilianza kuuzisha batri za namna hiyo. Mwaka 2019 Goodenough, pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Zawadi ya Nobel ya kemia kwa kazi hiyo. Na kobalti inatoka wapi? Zaidi ya nusu ya kobalti yenye kuchimbwa katika dunia nzima inatoka katika inchi yetu, zaidi sana upande wa Kolwezi na Likasi. Basi, ndugu, kitu ulichotoa chini ya udongo kwa jasho lako kinaweza kurudi katika mikono ya mutoto wako. Inafaa umufundishe namna ya kukiheshimu.

Namna gani batri hiyo inafanya kazi? Ndani kuko pande mbili, na katikati yao kuko ukuta mwembamba sana wa plastike. Kunapokuwa kazi, lithiamu inatoka upande mumoja inaenda upande wa pili. Unapotia umeme, inarudi. Ndani kuko pia maji ya kemikali yenye kushika moto kwa upesi. Ule ukuta ukipasuka, pande mbili zinagusana, joto linapanda mara moja, na joto lenyewe linaleta joto lingine. Ndiyo maana batri ya lithiamu ikianza kuungua haisimame vyepesi.

Ukuta unapasuka kwa sababu gani? Kuko sababu nne kubwa: batri imeanguka ao imebonyezwa, imetiwa umeme na sharjere isiyofaa, imepata joto nyingi, ao ilitengenezwa vibaya. Hata viwanda vikubwa vimepata matata hayo. Katika mwezi wa 8 wa mwaka 2006, kampani Dell ya Marekani iliwaomba watu warudishe batri zipata milioni 4,1, zilizotengenezwa na Sony, kwa sababu vipande vidogo sana vya chuma vilibaki ndani na viliweza kuleta moto. Ikiwa batri ya kiwanda kikubwa inaweza kuwa na kosa, fikiri juu ya batri ya kuiga, isiyo na jina, yenye kuuzishwa kando ya barabara.

Basi, ukifika kwa muuzaji, fanya majaribio haya mbele ya kutoa feza:

Kwanza, funga laptopu na uiweke juu ya meza iliyo sawa. Ibonyeze kidogo kwenye kona. Inayumba? Ekrani haifunge vizuri? Sehemu ya kuongozea kwa kidole imeinuka, ao kuko mwanya pembeni? Hizo ni alama za batri iliyovimba. Batri iliyovimba haitengenezwe. Iache hapo.

Pili, inuse karibu na upande wa chini. Harufu kali ao tamu ya kemikali, kama ya rangi ya kupaka, ni alama ya hatari.

Tatu, iwashe, ondoa sharjere, na uitumie kwa dakika 30. Andika hesabu ya batri mbele na nyuma. Kama ilikuwa 100 na sasa ni 60, imepoteza 40 kwa nusu saa. Itazima karibu na saa moja na dakika 15. Kama ilikuwa 100 na sasa ni 88, itadumu zaidi ya saa 4 kwa jumla. Wakati wa dakika hizo, gusa chini. Joto kidogo si matata. Lakini kama mukono hauwezi kukaa, hapana.

Nne, kama ni ya Windows, umuombe muuzaji afungue dirisha la amri na aandike powercfg /batteryreport. Mashini yenyewe inatoa karatasi yenye hesabu mbili: nguvu batri ilikuwa nayo ilipokuwa mupya, na nguvu iko nayo leo. Kama ya kwanza ni 45 000 na ya pili ni 30 000, batri imebaki na sehemu mbili juu ya tatu. Inaweza kufaa ikiwa bei ni nzuri. Kama ya pili haifike nusu, hesabu bei ya batri mupya juu ya bei ya laptopu.

Muuzaji akikataa majaribio hayo, umushukuru na uende kwa mwingine. Wewe mwenyewe, ukichukua lampi kwenye lampisteri, unakubali kushuka nayo bila kuangalia kama inawaka?

3. SHARJERE NA UMEME WA NYUMBA

Batri nzuri inaweza kuharibiwa na sharjere mubaya. Soma maandiko madogo yaliyo juu yake. Upande wa kuingia, yanapashwa kusema 100-240 V na 50-60 Hz, kwa sababu umeme wetu ni wa 220 V. Upande wa kutoka, volti inapashwa kuwa ileile inayoandikwa chini ya laptopu, kwa mufano 19 V na 19 V. Amperi inaweza kuwa sawasawa ao kupita kidogo, lakini isiwe chini. Sharjere mwepesi sana kama sanduku tupu, wenye maandiko yaliyokosewa ao wenye kulia ndani, uache.

Jambo lingine ni umeme wenyewe. Tunajua wote: umeme unapunguka, unakatika, kiisha unarudi kwa nguvu. Kule kurudi ndiko kunaunguza vyombo. Umeme ukikatika, ondoa sharjere kwenye prizi. Ukirudi, ngojea dakika kumi mbele ya kuirudisha. Kama feza inaruhusu, nunua stabilizateri.

Usiweke sharjere ya laptopu kwenye prizi moja ya kuongeza pamoja na reshoo ya kupikia. Laptopu ya masomo inakula wati 45 ao 65 tu. Reshoo inaweza kula wati 1 000 mupaka 2 000. Kable nyembamba inapata moto ndani ya plastike yake, na watu wa nyumba wamelala. Fili zenye kusokotwa kwa mukono na kufungwa na mufuko wa plastike, hizo tunazikataa kazini. Tuzikatae na nyumbani.

Kwa wale wenye kutumia jua: paneli ndogo ya kuwasha lampi na kutia umeme katika telefone haitoshe. Laptopu ya wati 50 kwa saa 3 inaomba 150 Wh. Batri ndogo ya 12 V na 7 Ah iko na 84 Wh tu ikiwa imejaa. Fanya hesabu hiyo mbele, usilaumu laptopu nyuma.

4. MUPYA AO OKAZIONI?

Watu wengi watanunua okazioni, na si aibu. Laptopu iliyotumiwa miaka michache katika biro ya Ulaya, yenye mwili imara, mara nyingi ni bora kuliko mupya ya bei ya chini sana yenye plastike laini. Lakini kuko mitego mitatu.

Mutego wa kwanza ni umri. Tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, kampani Microsoft ilisimamisha musaada wa kawaida wa Windows 10. Mashini haizimike sababu ya hiyo. Inaendelea kufanya kazi. Lakini milango ya wezi na ya virusi haifungwe tena kama mbele. Windows 11 inakubaliwa rasmi kwenye mashini za Intel Core kuanzia kizazi cha 8, zilizoanza kutoka mwaka 2017. Namna ya kujua: soma jina la prosesere. Kwenye i5-8250U, hesabu 8 yenye kufuata kale kamustari inasema kizazi cha 8. Kwenye i5-6300U ni kizazi cha 6, basi Windows 11 haiikubali rasmi. Mashini ya zamani inaweza bado kusaidia kwa kutumia Linux, ambayo ni ya bure, lakini uulize kwanza kama masomo yanakubali na kama kuko mutu wa kumusaidia mutoto.

Mutego wa pili ni kufuli. Kuko mashini zenye kutoka katika kampani ao masomo ya inchi za mbali zikiwa bado zimefungwa na mwenye mali. Leo inafunguka, kesho inaomba neno la siri ambalo hata muuzaji hajui. Umuombe aifute yote na aianzishe upya mbele ya macho yako, ikiwa imeungwa na intaneti. Kama inaanza bila kuomba jina la kampani fulani, ni vizuri.

Mutego wa tatu ni mali ya wizi. Omba fakture yenye jina lako, hesabu ya seri ya mashini, tarehe, na garanti iliyoandikwa, hata ya mwezi mumoja. Bei ya chini sana usiku kwenye kona ya barabara si baraka. Inaweza kukupeleka kwa polisi.

5. NDANI YA MASHINI, USILIPE NGUVU USIYOHITAJI

Kwa kuandika, kuhesabu, kusoma na kuangalia masomo ya video, vitu hivi vinatosha mupaka Egzeta, ni kusema mutihani wa serikali wa mwisho wa sekondari:

Memoari ya 8 GB. Ya 4 GB itamuchokesha mutoto kwa kungojea.

Diski ya namna ya SSD, ya 256 GB. Diski ya zamani iko na sahani yenye kuzunguka ndani. Mashini ikigongwa wakati inafanya kazi, inaweza kuharibika pamoja na kazi zote za mutoto. SSD haina kitu chenye kuzunguka. Juu ya barabara zetu na juu ya pikipiki, tofauti hiyo ni kubwa.

Ekrani ya inchi 13 ao 14, isiyong'aa kama kioo. Ile yenye kung'aa inarudisha mwanga wa dirisha katika macho.

Klavye ya AZERTY, kwa sababu masomo yetu ni ya Kifaransa na mutoto anapashwa kuandika é na ç bila kutafuta.

Laptopu za michezo, zenye taa za rangi, ziache. Ni nzito, zinatoa joto nyingi, zinakula umeme, na mutoto hatafanya nayo hesabu za aljebra.

Na intaneti? Haiko ya kila siku kwa kila nyumba. Programu ya LibreOffice ya kuandika na kuhesabu ni ya bure, na inafanya kazi bila intaneti. GeoGebra inaweza pia kuwekwa ndani ya mashini kwa hesabu. Kiwix inaruhusu kuweka Wikipedia ya Kifaransa ndani ya mashini na kuisoma bila rezo. Inatosha mutu mumoja mwenye rezo nzuri aichukue, kiisha majirani wanakopiana.

6. MACHO, SHINGO NA MUGONGO

Mwili wa mutoto wa miaka 12 ao 13 bado unakomaa. Unakubali kupinda bila kulia, kiisha unalipa nyuma. Baba mwenye kuumwa na kiuno sababu ya kuinua vitu vizito anajua.

Juu ya muzigo: waganga wengi wanashauri mufuko wa masomo usipite karibu sehemu moja juu ya kumi ya uzito wa mutoto. Mutoto wa kilo 40, basi, abebe karibu kilo 4. Laptopu ya kilo 2,5 pamoja na sharjere inakula zaidi ya nusu, na vitabu bado. Tafuta ile isiyopita kilo 1,5. Kama muuzaji iko na balansi, pima. Mufuko uwe na mikanda miwili, yote miwili mabegani, na laptopu ikae karibu na mugongo. Na usinunue mufuko wenye kuonyesha kwa kila mutu barabarani kwamba ndani kuko laptopu.

Juu ya shingo: laptopu iko na kosa moja la kuzaliwa: ekrani na klavye vimeshikamana. Ukiweka mikono vizuri, shingo inapinda. Ukiinua ekrani, mikono inapanda. Kwa kazi ya muda murefu, weka laptopu juu ya vitabu ao matofali mawili safi mupaka sehemu ya juu ya ekrani ifike usawa wa macho, na ununue klavye ndogo ya pembeni pamoja na suri. Usizibe matundu ya hewa yaliyo chini na pembeni. Miguu iguse chini. Isipofika, weka sanduku chini yake.

Juu ya macho: ekrani iwe mbali kama urefu wa mukono. Dirisha ao lampi iwe kando, si nyuma ya ekrani na si nyuma ya mutoto. Kila dakika 20, aangalie kitu kilicho mbali metre 6 ao zaidi, kwa sekunde 20. Afumbe na kufumbua macho mara nyingi, kwa sababu mbele ya ekrani mutu anasahau kupepesa, na macho yanakauka, zaidi sana wakati wa vumbi. Mutoto mwenye kusogeza uso karibu na ekrani, kuumwa kichwa kila jioni ao kufinya macho, musimukaripie. Mumupeleke apimwe macho.

Juu ya usingizi: laptopu ifungwe saa moja mbele ya kulala, na ilale chumba cha wazazi ao salo, si kitandani kwa mutoto. Hiyo inalinda pia jambo lingine: mutoto mwenye kuzungumuza peke yake usiku na watu asiowajua kwenye intaneti iko katika hatari. Afanyie kazi yake mahali pa watu wote. Tena mumwambie wazi kwamba mutu akimuomba picha ao siri, aje kwenu bila woga, hatapigwa.

7. SHERIA ZA NYUMBA

Laptopu haifanye kazi juu ya godoro, mutoo ao blanketi. Inavuta hewa kwa matundu. Ukiziba matundu, inapata joto kama mutu aliyefunikwa wakati wa homa.

Haitiwi umeme usiku watu wakiwa wamelala, wala nyumba ikiwa tupu.

Haiachwi juani, wala karibu na mbabula.

Vumbi lipanguzwe kila juma kwa kitambaa kikavu, mashini ikiwa imezimwa na sharjere imeondolewa.

Haisimamishwe karibu na kikombe cha chai wala maji ya watoto wadogo.

Batri ikivimba, zima, ondoa sharjere, usiitoboe, usiibonyeze, usijaribu kuifungua kwa kisu. Weka mashini inje, juu ya simenti ao muchanga, mbali na kitu chenye kuungua na mbali na watoto, kiisha tafuta fundi mwenye kujua. Batri ya zamani haitupwe katika moto, wala katika shimo la takataka ambamo watoto wanacheza.

Na ikianza kutoa moshi? Usiishike mukononi. Toa watoto inje kwanza. Kata umeme kwenye dijonktere. Moshi wake ni sumu, usiuvute. Kama umeme umekatwa, moto bado mudogo na njia ya kutoka iko nyuma yako, mwanga maji mengi ukiwa mbali kidogo, kwa sababu batri inaomba kupozwa. Kama uko na mashaka hata kidogo, funga mulango, toka, na uite wazima-moto. Laptopu inaweza kununuliwa tena. Mutoto hanunuliwe.

8. HESABU YA FEZA

Musihesabu laptopu peke yake. Andikeni kwenye karatasi, baba na mama pamoja: laptopu, sharjere kama haiko mwema, mufuko, stabilizateri, suri na klavye, mega za intaneti za kila mwezi, na akiba kidogo ya matengenezo. Angalieni hesabu ya mwisho. Kama inapita nguvu ya nyumba, punguzeni urembo wa mashini, musipunguze sharjere mwema wala stabilizateri.

Tena, musikope kwa wale wenye kudai nusu ya feza juu yake kila mwezi. Laptopu iliyonunuliwa na deni la namna hiyo itauzishwa mbele ya mwisho wa mwaka, na mutoto atabaki bila laptopu na nyumba bila chakula. Bora kuweka kidogo kidogo kila mwezi na kununua mwaka wa 8, wakati unajua pia mutoto anaelekea opsioni gani.

KUMBUKA MBELE YA KULIPA

Masomo yamesema ni ya lazima?
Batri haikuvimba, haina harufu, na imevumilia jaribio la dakika 30?
Sharjere iko na volti ya kweli?
Prosesere inakubali Windows 11, ao kuko mutu wa kusaidia kwa Linux?
Mashini imefutwa na kuanzishwa upya mbele yako?
8 GB, SSD, AZERTY, isiyopita kilo 1,5?
Fakture na garanti ziko mukononi?

Kama jibu ni ndiyo mara zote, lipa kwa amani. Kama kuko hapana moja, rudia hapo hapo. Na siku ya kwanza ya kuiwasha, keti na mutoto, umuonyeshe batri iko wapi, sharjere inaingia namna gani, na mulango wa kutokea uko wapi. Kazini, mufanyakazi mupya hashike chombo mbele ya kufundishwa. Nyumbani pia, iwe vile vile.